Kona Moja ya Tangi

Siku ile sebuleni kwetu tulikuwa watu wanane. Baba mdogo Weston, mdogo wa marehemu baba, alikuwa amekuja kutoka Tunduma na koti lake la kupakulia mizigo likiwa bado na vumbi la saruji mabegani. Shangazi Ester alikuwa amepanda kutoka Kamsamba, na tangu alipoteremka garini alikuwa akiilaumu baridi ya Iyula kana kwamba sisi ndio tulioileta. Mzee Ambakisye, mzee wa kanisa, alikalia kiti cha baba kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa na mikono. Pembeni yake alikuwapo Mama Tumaini, jirani yetu na mwenyekiti wa kikundi cha kahawa. Lazaro, aliyetunza mashine na tangi la kikundi, alikaa karibu na mlango, kofia juu ya goti. Na sisi watatu: Elia, wa miaka kumi; Rehema, wa mitano, aliyesinzia mapajani mwangu; na mimi Tabita, wa miaka kumi na mitano, niliyekuwa nikiitwa mama wa nyumba ile. Mlango ulikuwa wazi. Upepo ulituletea harufu ya maganda ya kahawa yaliyorundikwa nyuma ya jiko, harufu tamu ambayo kesho yake huwa uvundo. Hadi leo nikiisikia harufu hiyo, mikono yangu hutafuta kitu cha kusugua.

Kikao kile kilikuwa kimepangwa tangu siku tulipomzika mama. Baba alikuwa ametangulia miaka miwili kabla yake. Nilikuwa nimemaliza muhula mmoja tu wa kidato cha kwanza, nikayakunja mashati ya shule nikayaweka chini ya godoro, nikashika jembe. Ukoo ulikuwa na mpango wake na haukuwa mpango wa watu wabaya. Elia angeteremka Kamsamba kwa shangazi, akachunge ng'ombe. Rehema angekwenda Tunduma kwa baba mdogo. Mimi ningetafutiwa nyumba Vwawa, nilee mtoto wa mtumishi fulani. Mkono mmoja haulei mwana, walisema, na mimi nilikuwa nao mmoja tu. Nililia, nikapiga magoti mbele ya baba mdogo, nikamwomba aniachie msimu mmoja wa kahawa. Nikiweza kuivuna, kuimenya, kuikausha na kuifikisha ghalani bila aibu, tukae pamoja. Nikishindwa, watugawe. Akaniinua, akasema, "Haya. Msimu mmoja. Lakini nikisikia uzembe, mwanangu, usinililie tena."

Mtu asiyelima kahawa hudhani kazi inaisha tunda linapochumwa. Kazi huanzia hapo. Matunda mekundu hupitishwa kwenye mashine jioni ile ile, maganda yanatoka huku na punje kule, zikiwa zimevaa utelezi kama kambale. Punje hizo hulazwa kwenye tangi siku mbili, kwa sababu kwetu kuna baridi na utelezi hauachii upesi. Kisha huoshwa kwa maji mengi na kuanikwa mezani. Kikundi chetu kilikuwa na tangi moja la saruji kando ya kijito, na familia zilipokezana. Sheria ilikuwa moja, na hata watoto waliijua: ukitoa kahawa yako, unaingia ndani ya tangi kwa miguu, unasugua kwa ufagio wa chelewa kila upande na kila kona, unaondoa kizibo cha mti na kusugua chini yake. Konzi moja ya punje ikibaki siku tatu inaoza, na ikichanganyika na kahawa ya mwenzako harufu yake inaingia katika mzigo mzima. Samaki mmoja akioza huoza wote; kahawa nayo ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba samaki aliyeoza unamwona.

Zamu yetu ya tatu ya msimu ule iliangukia siku ambayo Rehema alikuwa na homa. Alikuwa amechemka usiku kucha, na alfajiri nilimwacha na Elia nikakimbilia tangini. Ukungu ulikuwa umelala juu ya kijito na maji yalikuwa yakiuma vidole. Nilitoa kahawa, nikaiosha, nikaijaza kwenye mifuko. Nikasugua pande tatu. Kona ya nne, ile yenye kizibo, nilipitisha ufagio mara moja, nikasikia punje zikikwaruza chini yake. Nilizisikia. Sitaki mtu adhani nilisahau. Lakini kizibo kile kilikuwa kimevimba kwa maji na kukitoa kulihitaji kupigwa kwa jiwe, na kichwani mwangu nilikuwa nikimsikia Rehema akikoroma kwa shida. Nikatoka. Lazaro alikuwa akishuka njiani na sururu begani. Alikuwa rafiki wa baba yetu, Yona. Waliwahi kufanya kazi pamoja ng'ambo, Zambia, na baba alipokufa yeye ndiye aliyechimba kaburi hadi mwisho bila kupokezana na mtu. Alikuwa na udhaifu wake wa pombe, kila mtu alijua, ingawa tangi hakuwahi kulifungulia maji akiwa amelewa.

"Umesugua?" akaniuliza.

"Nimesugua, baba."

"Na kona?"

"Na kona."

Akacheka kidogo. "Kwa wengine huwa naingia mwenyewe na tochi. Lakini binti wa Yona atanidanganyaje?" Akanisaidia kujitwisha mfuko, akaniambia nimchemshie Rehema maji ya mchaichai, na mimi nikaondoka. Tangi lilikaa tupu hadi wiki iliyofuata. Kisha ikaingia kahawa ya Mama Tumaini, pamoja na ya wengine wawili waliogawana naye zamu.

Baada ya majuma kadhaa, kahawa ilipokauka, alikuja mtu wa kuipima ubora. Alichota konzi katika kila rundo, akamenya punje kwa ukucha, akanusa. Kwenye yetu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwenye ya Mama Tumaini akanusa mara mbili, akamkabidhi anuse mwenyewe. Mama yule alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini siku ile alikaa tu chini juu ya gunia, konzi ile bado mkononi. Mzigo wa familia tatu uliwekwa kando na kazi yao ya mwaka ikashuka hadi daraja la chini kabisa. Jioni tukaitwa wote kwenye banda la mashine.

"Tangi ni la nani?" Mama Tumaini akauliza.

"Ni langu kulitunza," Lazaro akasema.

"Ulikagua?"

"Niliuliza. Nikajibiwa limesuguliwa."

"Nani alikujibu?"

Zamu zilikuwa nyingi, na baada ya majuma yale ni Lazaro pekee aliyekumbuka ya nani ilitangulia. Hakunitazama moja kwa moja. Aliinua macho, akayapitisha juu yetu sote polepole, na yalipofika kwangu yakapunguza mwendo kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mashine, nimeshika mpini wake. Nilijua ananingoja. Nilijua pia kwamba neno moja likinitoka litafika Tunduma kesho yake, na kabla ya Jumapili Elia atakuwa njiani kwenda Kamsamba.

"Alijibiwa na chupa!" kijana mmoja akasema, na banda zima likacheka.

Lazaro hakucheka wala hakukasirika. Alivaa kofia yake. "Basi," akasema, akatoka. Hakulitaja jina langu siku ile, wala siku iliyofuata, wala wazee wa kanisa walipomwita. Walimwambia akiri uzembe na ulevi, atubu, yaishe. Akawajibu jambo ambalo lilizunguka kijiji kizima kama mzaha: "Kunywa nitatubu, maana nakunywa. Dhambi ya mtu mwingine siwezi kuitubu, nitakuwa mwizi." Wakaona ni kiburi. Wakamzuia Meza ya Bwana mpaka atakapotengeneza.

Katika kanisa letu kuna desturi ambayo wageni huishangaa. Juma la kabla ya Meza ya Bwana, mzee wa kanisa hupita nyumba kwa nyumba na kumuuliza kila aliyepata kipaimara maswali mawili: Una neno na mtu? Kuna mtu ana neno nawe? Kama lipo, linatengenezwa kwanza. Mzee Ambakisye alifika kwetu siku ya Alhamisi. Nilimpikia chai, kwa maana sisi tunaolima kahawa tunakunywa chai, na akainywa yote kwa utulivu kabla ya kuuliza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuulizwa. Kipaimara nilikipata mwaka ule ule. Elia alikuwa akichambua maharage mlangoni. Nilitazama kisogo chake, jinsi kilivyokuwa chembamba.

"Una neno na mtu, mwanangu?"

"Sina, mzee."

"Kuna mtu ana neno nawe?"

"Hakuna."

Akaniombea, akiniita kisima cha nyumba hii. Jumapili nikavaa gauni la mama lililopunguzwa, nikapokea mkate na kikombe. Nimewahi kusikia watu wakisimulia kwamba mkate uliwakwama kooni. Mimi haukunikwama. Ulishuka vizuri kabisa, na hilo ndilo lililonitisha.

Mchana wa siku hiyo mwinjilisti na Mzee Ambakisye walikwenda kuwapelekea Meza wagonjwa, na sisi wasichana tukafuatana nao ili tuimbe. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama yake Lazaro. Bibi yule alikuwa amelala miezi mingi, amebaki macho na sauti. Lazaro mwenyewe ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumlisha. Tulipoingia tulimkuta uani, amekalia kinu kilichopinduliwa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alikuwa amejiandaa kama mtu anayetumaini kwamba dakika ya mwisho kuna mtu atamwambia aingie. Hakuna aliyemwambia. Ndani, mwinjilisti alifungua kitambaa, akatoa mkate. Bibi akageuza kichwa kwenye mto.

"Lazaro yuko wapi?"

"Yuko nje, mama," Mzee Ambakisye akajibu.

"Mwiteni. Tule pamoja."

Mwinjilisti akatazama kitabu chake. Kupitia dirishani niliona kisogo cha Lazaro na kola ile nyeupe. Alikuwa anasikia kila kitu, kwa kuwa ukuta ulikuwa wa udongo na dirisha halikuwa na kioo. Bibi akasema tena, taratibu, "Mwiteni mwanangu." Kisha alipoona tumenyamaza, akafungua kinywa kama mtoto, akapokea peke yake, na machozi yakamshuka kuelekea masikioni. Nikaimba. Nilikuwa na sauti nzuri wakati ule, nikaimba ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Siku ya kumi bibi akafariki.

Baada ya mazishi sikulala vizuri. Nilikuwa nikiamka alfajiri na kwenda tangini, hata siku isiyo zamu yetu, nikisugua kona ile ambayo sasa ilikuwa safi kuliko sahani. Elia aliwahi kuniuliza, "Dada, unatafuta nini humo?" Nikamwambia nimedondosha hereni. Sikuwa na hereni. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini mimi sikuogopa kuumbuliwa, kwa sababu aliyejua alikuwa mtu mmoja na alikuwa ameamua kunyamaza. Niliogopa kwamba nitaweza. Kwamba nitakula mkate ule mwaka baada ya mwaka na utaendelea kushuka vizuri.

Ndivyo tulivyofika kwenye kikao kile cha watu wanane. Lazaro aliitwa kwa sababu shamba lake linapakana na letu, na kwa desturi jirani wa mpakani hushuhudia mambo ya yatima. Baba mdogo alianza kwa maombi. Kisha akamuuliza Mama Tumaini msimu wetu ulikwendaje.

"Huyu mtoto?" Mama Tumaini akasema. "Shemeji, mimi ningekuwa na binti kama huyu ningelala mchana. Kahawa yake imetoka safi. Sisi wengine tumeharibiwa na mtu tunayemjua," na hapo akautazama mlango, "lakini yeye hana doa."

Shangazi Ester akakohoa. "Basi baridi hii nimeifuata bure," akasema, na watu wakacheka. Hata alikuwa ameanza kukunja kanga yake. Baba mdogo akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu msiba niliona uso wa baba kwenye uso wake. "Tabita, nimeridhika. Mtakaa pamoja."

Nilikuwa nimepata nilichokiomba. Ningeweza kusema asante, nikainuka kupakua ugali. Lakini Lazaro alikuwa ameketi pale, na katika kola ya shati lile jeupe palikuwa na kitambaa cheusi cha msiba kilichoshonwa kwa uzi mwekundu, kwa sababu hakukuwa tena na mwanamke nyumbani kwake wa kumtafutia uzi mweusi. Nikamlaza Rehema kwenye mkeka. Nikasimama.

"Aliyeacha kahawa tangini ni mimi," nikasema. "Baba Lazaro aliniuliza mara mbili. Nikamdanganya mara mbili. Mzee Ambakisye naye akaniuliza, nikamdanganya. Nilisikia punje chini ya ufagio nikaziacha."

Mama Tumaini aliinua mkono akauweka mdomoni. Mzee Ambakisye aliuliza kwa sauti ya mtu aliyechoka ghafla, "Na mezani ukaja?" Nikasema, "Nikaja." Baba mdogo akasimama, akaketi, akasimama tena. "Elia," akasema bila kunitazama, "kafungashe nguo zako. Shangazi yako ataondoka nawe kesho." Elia hakusogea. Alikuwa amenishika gauni kwa nyuma, na nilisikia mshono ukianza kuachia.

Hapo Lazaro ndipo aliposema. Hakuinuka. "Weston, kaa. Watoto hawa wasigawanywe."

"Wewe ndiye unayesema hivyo? Baada ya haya?"

"Mimi ndiye. Mtoto huyu alikuwa ameponyoka tayari, angeweza kunyamaza. Mwenye kusema neno kama hilo wakati limekwisha kuwa salama, nyumba anaiweza. Kahawa yao nitaisimamia mimi. Akikosea nitakupigia simu mwenyewe." Kisha akavaa kofia, akanigeukia. Macho yake hayakuwa na hasira, na ningetamani yangekuwa nayo. "Hayo ni ya watoto. Ya kwangu ni mengine. Mama yangu alikula peke yake. Mimi na wewe, neno lipo." Akatoka, na baba mdogo akaketi.

Alitimiza alichosema. Miaka tisa alisimamia kahawa yetu. Alinifundisha kupogoa, kutambua mdudu wa shina kabla mti haujanyauka, kujua kwa vidole kama utelezi umeachia. Elia alipofaulu kwenda sekondari, Lazaro ndiye aliyembebea godoro hadi barabarani. Rehema alimwita babu. Mimi aliniambia "shika hapa", "leta kile", "bado". Jina langu hakuliita. Kanisa lilimwomba radhi mbele ya watu na kumfungulia Meza. Alishukuru, akaketi kwenye benchi lake la nyuma, na siku za Meza wengine walipoinuka yeye alibaki ameketi. Walipomuuliza sababu alisema kweli, kama kawaida yake: bado ana neno na mtu, na desturi anaijua.

Leo Elia ni fundi wa malori Tunduma, na Rehema ana watoto wawili Vwawa. Kijito kimepungua, kikundi kina mashine mpya ya umeme na matangi yenye vigae, na vijana wanaitana kwa ujumbe wa simu zamu inapofika. Watu husema zamani tulikuwa wakweli zaidi. Sidhani. Tulikuwa tunaulizwa zaidi, basi. Sasa mimi ni mzee wa kanisa, na juma la kabla ya Meza ninapita mtaa wetu na maswali yale mawili. Watu wengi hujibu haraka, chai ikiwa bado haijapoa, na mimi huwa siwaharakishi. Nyumba ya mwisho kwenye njia yangu ni ya Lazaro. Ningeweza kumpa mzee mwenzangu nyumba hiyo; sijawahi. Kila mara yeye huniwekea kigoda, na kila mara mimi humuuliza, "Baba, una neno na mtu?" Na yeye hujibu, "Ninalo." Nami husema kile nilichokisema pale sebuleni, chote, toka ufagio hadi mkate. Yeye husikiliza hadi mwisho, kisha huniambia, "Nimesikia," nami hurudi nyumbani.

Mwaka huu nilimkuta amelala. Miguu yake imevimba, na mjukuu wa jirani ndiye anayempikia. Ilikuwa katikati ya msimu, na mikono yangu ilinuka utelezi. Kabla sijauliza, yeye ndiye aliyeuliza, macho yakiwa yameelekea dirishani.

"Leo ulikuwa na zamu tangini?"

"Ndiyo, baba."

"Umesugua?"

Nilikuwa nimesugua, ila nilisikia kengele ya kanisa nikaacha sehemu ya mwisho nikidhani nitairudia jioni. "Bado kona moja," nikasema.

Alifumba macho, hata nikadhani amesinzia. "Basi nenda kaisugue kwanza, Tabita," akasema. "Halafu urudi uniulize."

Nikaenda. Nilipiga kizibo kwa jiwe, nikasugua hadi vidole vikafa ganzi. Niliporudi, alikuwa amelala kweli, anapumua kwa shida, na sikumwamsha. Kesho ni Jumapili ya Meza. Sijamuuliza bado.